Kikaango cha Cheche

Mtaani walimwita Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na mikono yake ilijaa alama ndogo za moto. Kila jioni alifunga karakana, akavua ovaroli, akanawa, akaingia jikoni.

Zamani hakuwa mtu wa jikoni. Lakini sasa mkewe alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na damu yake ilikuwa imepungua. Akisimama kidogo tu, kizunguzungu.

Muuguzi wa kliniki hakuwaficha. "Mama, vidonge hivi umeze kila siku. Halafu ule nyama na mboga. Ukifika siku ya kujifungua damu iko chini hivi, itakuwa hatari."

Maneno hayo hayakumtoka Cheche kichwani. Kwa hiyo alipika. Alikata nyama mapande manene, akidhani pande nene lina nguvu zaidi. Akaiosha, akaitia yote kwenye kikaango baridi, ikajaa hadi ukingoni. Akarundika mboga juu yake, akafunika. Nyama ikatoa maji, ikachemkia humo humo. Maji yakizidi, aliyamwaga. Mwishowe karoti zikawa uji, na nyama ikawa ngumu kama soli ya kiatu.

"Kula, mke wangu."

"Nitakula baadaye."

"Baadaye ya jana bado haijafika."

Mkewe alicheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. "Sikudharau, mume wangu. Najua unatoka kazini umechoka. Lakini taya zinaniuma, na tumbo linakataa."

Cheche alitoka uani na sahani mkononi. Jirani yao alikuwa anaanua nguo. Alikuwa mama mtu mzima, mpishi wa bweni la shule, na wote walimwita Shangazi.

"Mbona umenuna hivyo, baba?"

"Shangazi, mwenzangu hali. Nyama ninayo, mboga ninazo. Sijui nakosea wapi."

Shangazi alionja. Alitafuna, akatafuna tena. "Hii umeipika au umeichomelea?"

Cheche akacheka bila kupenda.

"Hebu niambie. Ukitaka kuunga chuma chenye maji, unafanyaje?"

"Nakikausha kwanza. Chuma kibichi hakishiki vizuri."

"Na moto wako?"

"Mkali. Ukiwa hafifu, unachafua kazi."

"Sasa mbona jikoni unasahau ufundi wako? Kesho jioni nakuja kwenu."

Kesho yake jioni Shangazi na Cheche walisimama jikoni pamoja. Mkewe alikaa kwenye kiti mlangoni, akitazama.

"Anza na mboga," Shangazi alisema. "Zioshe kabla ya kuzikata. Nyama ije mwisho, ili ubao na kisu vyenye damu visiguse mboga. Ukimaliza, vioshe kwa sabuni, na mikono pia."

Cheche alikata karoti, hoho na kitunguu vipande vyembamba. Alipochukua nyama, Shangazi alimshika mkono.

"Taratibu. Unaona hizi nyuzi zinavyokwenda? Zikate kwa kukingama. Vipande viwe vyembamba kama kidole cha mtoto. Hapo meno hayatapigana nayo."

Cheche aliikausha nyama kwa kitambaa safi. Kikaango kikapata moto kwanza, ndipo mafuta kidogo yakaingia, kisha nyama kidogo.

"Kidogo tu?" Cheche aliuliza.

"Ukiijaza yote, moto unazidiwa, maji yanatoka. Pika fungu moja, toa, weka jingine. Lakini iive hadi ndani, isibaki nyekundu. Huyu ni mjamzito."

Nyama ililia chwaaa, ikawa kahawia, ikanukia. Akaitoa kwenye sahani safi. Vikafuata kitunguu, saumu na karoti, halafu hoho na mboga za majani. Aligeuza haraka haraka. Nyama ikarudi, chumvi kidogo, limau juu.

"Limau na hoho vinasaidia mwili kupokea madini ya chuma yanayoongeza damu," Shangazi alieleza. "Na chai asinywe pamoja na chakula. Chai inazuia. Ainywe baadaye."

"Mume wangu, nipe basi!" mkewe akasema kutoka mlangoni. "Au mnapikia harufu?"

Alikula hadi sahani ikabaki tupu. Kisha akanyanyua macho. "Imebaki?"

Cheche alimsogezea sahani yake mwenyewe. Alijifanya anakoroga kitu jikoni ili wasimwone anavyofuta macho.

Aliendelea kupika hivyo, na mkewe akaendelea kumeza vidonge. Alipopimwa tena kliniki, muuguzi alitabasamu.

"Damu imepanda, mama. Vizuri sana! Unakula nini siku hizi?"

"Muulize huyo. Mimi nafungua mdomo tu."

Wajawazito waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Mwanamume mmoja aliyemsindikiza mkewe akasogea karibu na Cheche, akamnong'oneza, "Kaka, na wangu hali. Unapikaje?"

Cheche alimpisha nafasi akae. "Kwanza," alisema, "kausha nyama."