Sauti ya Kumwita Ndizeye

Siku ya soko, Ngara mjini hakuna anayesikia la mwenzake. Wauza ndizi wa Kirushya wananadi, spika za wauza simu zinashindana, bodaboda wanapiga honi bila sababu. Lakini Anjelika, fundi cherehani aliyevaa gauni la kitenge cha njano alilojishonea mwenyewe, alisimama katikati ya vurugu ile kama aliyeitwa. Kwenye spika moja ilikuwa inapigwa biti tupu: besi nzito, zeze likikwaruza kwa mbali, na hakuna anayeimba.

"Kaka, hii ni ya nani?" alimuuliza muuza simu.

"Sijui, dada. Nilikuwa naijaribu spika tu. Mwimbaji mwenyewe hata hajaingia."

"Na hataingia," alidakia kijana mrefu aliyekuwa akisubiri simu yake itengenezwe. Shati lake jeupe lilipigwa pasi vizuri, ndala zake zilijaa tope. "Imeishia hapo. Nimeitengeneza mimi."

Anjelika alimpima kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Kila mwongo wa Ngara ni prodyuza."

"Mimi natoka Biharamulo."

"Basi mwongo wa Biharamulo. Haya, besi inarudi wapi?"

Kijana akaugonga mdundo kwa vidole kwenye meza, akanyanyua kidole kimoja, na besi ikarudi pale pale. Anjelika akacheka, akashindwa kuficha.

Alikuwa mgonjwa wa biti. Nyimbo zenye maneno humkosesha vipimo, kwa hiyo akishona husikiliza midundo mitupu, na kila Ijumaa hupekua mtandaoni kutafuta iliyotoka. Maprodyuza aliwajua kwa mkono wao, kama anavyoujua mshono wa fundi mwenzake.

"Umekosea jambo moja," alisema. "Hukuweka sauti ya kukutaja. Wenzako biti ikianza tu, mtu anataja jina lao isije ikaibwa."

"Sina wa kunitaja."

"Maskini! Unaitwa nani?"

"Ndizeye."

"Nitakutaja mimi."

Akamtaja kweli, wakiwa wameshakuwa wapenzi. Alirekodi kwa simu chumbani kwake kwa kushonea, amejifunika vitenge vya wateja ili mwangwi ufe. "Ndizeye, washa," alisema, kisha kicheko kikamponyoka. Ndizeye alikataa kukikata.

"Hicho kicheko ndicho chenyewe, mpenzi."

"Watu watajua nakupenda."

"Wajue."

Wakajua. Biti zilisambaa zikawa milio ya simu, zikapigwa kwenye baa za Biharamulo, mpaka gari la kutangaza magodoro likapita nazo Nyamiaga, nyumbani kwa akina Anjelika. Akina mama wa kigango wakamuuliza Bi Bernadetha, mjane aliyemlea binti huyo kwa jembe la maharage: "Hivi ni mwanao anayemwita mwanaume huko baa?" Bi Bernadetha alipanda gari kwenda Biharamulo kwa Ndizeye bila kumwambia mtu.

"Shikamoo mama," Ndizeye alisema, akimfutia kiti.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana. Itoe sauti ya mwanangu kwenye kazi zako. Mtu atamposaje binti anayesikika baa?"

"Nitamposa mimi, mama."

"Basi njoo na wazee wako. Kabla ya hapo itoe, na asijue nilifika hapa. Niahidi."

Akaahidi. Heshima ni kitu kizuri, lakini heshima isiyo na mdomo imevunja mapenzi mengi kuliko uzinzi. Kwenye biti zilizofuata Ndizeye aliweka sauti ya Kezia, mdogo wake wa kike, akiamini kwamba dada akimwita kaka yake hakuna wa kusengenya.

Ijumaa hiyo Anjelika alivaa spika za masikioni, akakanyaga cherehani, akasikia msichana mwingine: "Ndizeye, washa." Sindano ikasimama kwenye kitambaa. Akapiga simu.

"Huyo ni nani?"

"Nani, mpenzi?"

"Usinifanye mjinga. Maneno ni yangu, mdomo si wangu."

"Ni Kezia, mdogo wangu."

"Kila mwanaume akikamatwa ana mdogo wake. Haya, ni mdogo wako. Mimi umenitoa kwa nini? Sauti yangu imekosa nini?"

"Siwezi kukwambia sasa. Niamini kidogo tu."

Anjelika alikata simu, akamfungia namba. Theonest, mwalimu mpole wa Kibimba ambaye viatu vyake viling'aa hata masika, alipoleta posa, Anjelika alikubali kwa hasira. Hasira haifai ufundi: inakata kitambaa kwanza, inapima baadaye.

Wiki ya harusi, akiwa anamalizia shela lake, msichana aliingia na kitambaa mkononi.

"Habari za kazi, dada. Naomba unipime."

Mkasi ukamponyoka Anjelika. Sauti aliijua kabla hajauona uso. "Wewe ni Kezia."

"Ndiyo. Kaka hajui nimekuja. Dada, mama yako ndiye aliyemfunga mdomo."

Bi Bernadetha alipoulizwa hakukana. "Nilimwambia aje na wazee," alisema. "Hakuja."

Anjelika akaifungua ile namba.

"Nimeshajua. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwahidi mama. Wazee ningewaleta nikipata mahari."

"Na mimi uliniahidi nini?"

"Anjelika, mahari imepokelewa. Kanisani wameshatangaza."

"Najua, mimi ndiye niliyetangazwa. Sema neno moja tu: njoo. Shela nitaliacha hapa kwenye cherehani, Theonest nitamwomba radhi mwenyewe."

Ndizeye alikuwa analia, lakini neno hilo hakulisema.

"Muda wote huu nakuita kwenye baa, sokoni, kwenye magari ya watu. Wewe huwezi kuniita mara moja?"

"Nisamehe, mpenzi."

"Hilo si neno nililokuomba."

Siku ya harusi, DJ Desderius alitafuta biti ya kuwaingizia maharusi ukumbini, isiyo na maneno ya kuwaudhi wazee. Aliyoipata ilikuwa kali. "Ndizeye, washa," ukumbi mzima ukasikia, na kile kicheko nyuma yake. Akina mama wa kigango wakatazamana, kisha wakapiga vigelegele kupita kiasi. Bi Bernadetha aliinama, akajifanya anafunga kiatu.

Theonest hakuitambua sauti. Kicheko kile hakuwahi kukisikia.

"Biti nzuri hii," alimnong'oneza bibi harusi wake mlangoni. "Huyo dada ni nani?"

"Fundi mmoja wa Ngara."

"Anavyocheka! Atakuwa anampenda sana huyo jamaa."

"Alimpenda," alisema Anjelika.

Wageni walikuwa wamesimama wakingoja. Anjelika alikusanya shela lake mkononi, akasubiri besi irudi, akaingia kwa hatua za mdundo ule, maana mle ndani hakuna aliyeujua kumzidi.