Tembo Wanywe Kwanza

Gari lilipinduka kwenye mchanga wa mto mkavu kwa sababu dereva alikuwa akibishana na shemeji yake badala ya kutazama mbele. Mguu wa dereva ulibanwa. Shemeji mtu, mtaalamu wa kufundisha vijiji kuishi na wanyamapori, ambaye watu walimwita Mama Semina, alitokea dirishani bila hata mchubuko. Ndivyo dunia ilivyo.

Alimkokota dereva mpaka kivulini. Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti, akaufunga kwa fito na vipande vya bango la semina. Kisha akatafuta maji. Maji ya wapi? Madumu aliyashusha mwenyewe asubuhi ile ili spika ya mkutano wa kijijini ipate nafasi. Eti wanakijiji hawasikii! Walikuwa wakisikia vizuri sana, ila walichokuwa wakisikia ni upuuzi. Mtu anayenunua unga dukani anakwenda kumwambia aliyeangushiwa shamba zima na tembo kwamba tembo ni urithi wetu sote. Mkuki kwa nguruwe.

Kesho yake jua lilipopanda, midomo ya dereva ilikuwa imepasuka na homa imempanda. Ndipo tembo walipofika, majike na ndama wao. Walichimba mchanga kwa miguu na mikonga, na maji yakaanza kujaa shimoni polepole.

"Washa king'ora," dereva alisema.

Spika ilikuwa na king'ora, na betri ilikuwa nzima. Huyu Mama Semina ndiye aliyezunguka vijiji akihubiri kwamba tembo akinywa apishwe. Ni rahisi kuhubiri ukiwa na soda mkononi. Sasa kidole chake kilikuwa juu ya swichi. Tusidanganyane, woga ndio uliomzuia.

"Wakikurupuka watapita juu yako, shemeji. Wanywe kwanza."

"Na mimi nife?"

Alitoa kidole kwenye swichi. Dereva alimtukana, akawatukana na wakwe zake wote kwa kumzalia shemeji wa aina hiyo, mpaka sauti ikamkauka. Tembo nao hawakuwa na habari. Walikunywa, wakajimwagia, ndama akagaagaa kwenye matope, kisha akajisaidia pembeni mwa shimo. Mama Semina alilia kwa hasira. Aliwachukia kuliko mkulima yeyote aliyewahi kumsuta.

Walipoondoka alitambaa hadi shimoni, akachuja maji kwa kitambaa cha kichwani, akamnywesha mgonjwa kidogo kidogo. Yalinuka kinyesi. Waliyanywa hivyo hivyo, na jioni homa ikapungua.

Watu waliowaokoa jioni ile hawakuwa wakiwatafuta wao. Walikuwa wanakijiji wanaofuata nyayo za tembo wale wale, waliokuwa wamemaliza mahindi yao. Walimbeba dereva hadi zahanati bila kuuliza mengi, na mkutano ukafanyika asubuhi kama ulivyopangwa.

Mama Semina alisimama mbele yao, matope yamemkaukia nguoni, hana spika. Wengine walikuwa wameshaanza kusinzia, kama kawaida yao.

"Jana nilitaka wafe," alisema. "Wote. Hata yule mtoto wao."

Waliosinzia waliinua vichwa. Mama mmoja, ambaye shamba lake lilibaki mabua matupu, alisogea kwenye benchi. Akapapasa nafasi kando yake.

"Haya, kaa," alisema. "Sasa tunaweza kuongea."