Bibi Alikuwa Anasikia Baridi

Gari letu ni pikapu kuukuu. Marehemu baba mkwe aliliendesha miaka ishirini, kisha akatuachia. Watoto wangu pacha wakalipa jina la Bibi. Kila asubuhi wakienda shule hupita mbele yake na kusema, "Shikamoo, Bibi!"

Mimi na Bibi tunabeba maziwa. Saa kumi na mbili asubuhi napakia madumu ya kwetu na ya majirani. Saa moja lazima niwe nimefika kituo cha maziwa. Nikichelewa, jua linapanda, maziwa yanachacha, na hakuna anayeyataka.

Basi, Bibi akaanza kunywa mafuta. Wala si kunywa, ni kubugia! Najaza lita ishirini Jumatatu, Alhamisi zimekwisha. Mume wangu akachoka.

"Hiki ni chuma chakavu," alisema tukiwa mezani. "Nimeongea na mnunuzi wa vyuma. Anakuja Jumamosi ijayo."

Kijiko kiliniponyoka. "Baba Pacha! Na maziwa nibebe kichwani?"

"Tutakodi gari."

"Gari la kukodi linakuja linapotaka lenyewe! Maziwa yatalisubiri?"

Nikaenda jikoni, nikalia. Sioni haya kusema. Bila Bibi, kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Jirani yetu ni fundi wa magari. Ni mwanamke mpole. Tunamwita Fundi Taratibu, kwa sababu hafungui hata skrubu moja kabla ya kuuliza maswali kumi. Jumapili asubuhi nilimwendea. Akaja na nyundo ndogo na kitambaa.

"Kwanza nione mifupa," alisema. Akaingia chini ya gari, akagonga chesisi, ile fremu inayobeba gari zima, huku na huku. Alitoka na vumbi mpaka puani.

"Chesisi ni nzima, dada. Ingekuwa imeliwa na kutu, ningekwambia uliuze, hata ukilia. Sasa tutafute linaumwa nini."

Akapima upepo wa matairi. Mawili yalikuwa laini. "Tairi laini ni zito kuzunguka," alisema. "Injini inahangaika, na mafuta yanakwenda." Akachomoa chujio la hewa, akaligonga chini. Lo! Vumbi lilitufanya sote tupige chafya, hata mume wangu aliyekuja kutazama.

"Hili mlibadilisha lini?"

Mume wangu akatazama juu, kama vile jibu liko mawinguni.

"Haya, shemeji," fundi akasema. "Lizungushe kidogo mpaka lipate joto."

Mume wangu akaenda, akarudi baada ya nusu saa, kifua mbele. "Dada fundi, tazama mshale wa joto! Uko chini kabisa. Bibi hapati joto hata mlimani. Hiyo ni kazi ya mikono yangu!"

Fundi akaacha kufuta mikono. "Kazi ya mikono yako kivipi?"

Mume wangu akaeleza. Mwaka jana gari lilichemka njiani. Rafiki yake akamwambia atoe themostati, kile kidude kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta. Eti penye jua kali hakina kazi. Naye akakitoa, akakitupa.

"Shemeji, umemvua Bibi shuka," fundi alisema. "Injini ikiwa baridi, themostati hufunga njia ili ipate joto upesi. Ikishapata joto, hufungua, maji yakapoe kwenye rejeta. Bila themostati, injini inashinda baridi. Mafuta hayaungui vizuri, na vyuma vinalika haraka."

"Lakini lilikuwa linachemka!"

"Lilichemka kwa sababu nyingine, na hiyo hukuitafuta."

Hata hivyo, tulisubiri injini ipoe kabisa. "Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto," alituonya. "Maji yatakurukia usoni." Kisha akatuonyesha bomba la mpira lenye ufa. Maji yalikuwa yakivuja hapo, tone kwa tone, tangu mwaka jana. Kumbe!

Mume wangu akakimbia duka la vipuri. Akarudi na bomba, chujio na themostati mpya.

"Dada, niazime sufuria," fundi akaniambia.

"Isiwe ya chai!" nikasema.

Akaning'iniza themostati kwa uzi ndani ya maji, juu ya jiko. Maji yakiwa baridi, ilikuwa imejifunga kabisa. Yalipokaribia kuchemka, kimlango chake kikafunguka chenyewe, polepole. Pacha wakapiga makofi. Mume wangu alichuchumaa pale, akiitazama.

"Ni mimi niliyemharibu," alisema mwishowe.

"Na ni wewe utakayemtengeneza," fundi akajibu. "Shika spana."

Kufikia jioni vipuri vyote vilikuwa mahali pake, na matairi yamejazwa upepo. Jumatatu tulijaza lita ishirini, kama kawaida. Njia ilikuwa ileile, na mzigo uleule. Mshale wa joto ulipanda, ukasimama katikati, ukatulia. Alhamisi ikapita. Ijumaa nilipeleka maziwa na kurudi bila kuongeza hata tone.

Jumamosi nilipotoka kituoni, nilimkuta mnunuzi wa vyuma mlangoni.

"Chuma chenyewe kiko wapi?" aliuliza.

"Hakuna chuma hapa," mume wangu akamjibu. "Hilo ni gari la mke wangu. Samahani kwa usumbufu, ndugu."

Nilichukua dumu dogo la maziwa, nikaenda kwa fundi. Nilipanga maneno mazuri njiani, lakini yote yalinipotea. "Dada, umenirudishia kazi yangu," nilisema. "Asante. Asante sana." Machozi yakanitoka tena.

Naye akanishika mkono. "Ukitaka kunishukuru, kila asubuhi tazameni maji na oili kabla ya kuwasha. Na kila wiki, upepo."

Jumatatu iliyofuata niliamka nikasikia boneti ikifunguliwa uani. Nikachungulia. Mume wangu alikuwa ameshika kitambaa, anapima oili. Hakujua kama namwona.

"Shikamoo, Bibi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikukosea."