Mama Alisema "Njoo", Mume Wangu Akaniandikia "Usije"

"Mwanangu, naumwa. Mwezi wa pili huu siwezi kusimama. Nikikwambia naumwa, unanijibu 'afadhali mama, nimefurahi'. Nimekukosea nini?"

Maneno hayo niliyasoma kwenye TV ya sebuleni kwangu, saa nne asubuhi, rimoti mkononi... nikakaa chini sakafuni!

Kwa nini?

Kwa sababu video hiyo nilikuwa nimeshaiangalia mara tatu. Na mara zote tatu, maandishi ya chini yalisema hivi:

"Mwanangu, mimi ni mzima. Usihangaike kusafiri, njia ni ndefu. Nakuombea."

Video ileile. Mama yuleyule, kiti kilekile, mtandio uleule.

Maneno mawili tofauti kabisa!

Jamani, ngoja niwaeleze vizuri, maana hata mimi mwenyewe sikuelewa papo hapo.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka minne iliyopita nililazwa kwa homa ya uti wa mgongo. Nikapona, ila masikio yakabaki hukohuko wodini. Kusema nasema kama zamani, tena wanasema napayuka. Kusikia ndiyo sifuri. Hata radi naiona tu.

Mume wangu ni dereva wa lori. Anasafiri wiki, anarudi siku mbili tatu, anaondoka tena.

Niliporudi kutoka hospitali nilikuwa nalia kila siku. Basi akatafuta kompyuta ndogo, kama kiboksi cha sabuni, akaiunganisha na TV. Akajaza sinema, vichekesho, video za harusi yetu, zote zikiwa na maandishi chini. Unabonyeza, unasoma, unacheka kama wenzio.

Mashoga zangu walikuwa wananiandikia kwenye simu, "Wewe umepata mume, sisi tumepata wapangaji!"

Na mimi nikawa najidai kweli.

Sasa, mama yangu. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Anaishi mji mwingine, safari ya siku nzima, na hajui kusoma wala kuandika. Mimi sisikii. Mnaona shida ilipo?

Dawa ikawa video. Jirani yake, mama mmoja mshona viatu, alikuwa anamrekodi na kuituma kwenye simu ya mume wangu, maana simu yangu ilipotea nilipokuwa nimelazwa, na hii niliyo nayo ni ya vitufe, haipokei video. Mume wangu anaiwekea maandishi, anaiingiza kwenye kiboksi. Mimi naiangalia, halafu naongea mbele ya kamera ya simu yake, anatuma jibu.

Kusoma midomo? Nilijaribu. Lakini mama tangu meno ya mbele yang'oke, akiongea anajifunika mdomo na mtandio. Anaona aibu.

Kwa hiyo kati yangu na mama alikuwepo mtu mmoja tu.

Asubuhi ile mume wangu alikuwa safarini. Siku moja kabla, kiboksi kilikuwa kimejaa, nikamwita fundi kompyuta wa mtaani. Akaweka diski kubwa, akahamisha kila kitu kilichokuwa kwenye laptop ya zamani ya mume wangu. Akaniandikia kwenye karatasi:

"Panga mwenyewe kwa folda unavyotaka. Ukitaka kubadili maandishi, bonyeza hapa."

Akachora kitufe cha rimoti.

Nikaanza kupanga. Vichekesho huku, harusi huku, Mama huku. Zilikuwa video ishirini na tatu, Mama 01 mpaka Mama 23. Nikafungua ya mwisho nijaribu kile kitufe.

Kwenye kioo pakatokea mistari miwili:

Maandishi.

Maandishi - asili.

"Asili" ndiyo nini tena? Nikabonyeza.

Na hapo ndipo mliponikuta nimekaa sakafuni.

Nikarudi Mama 01 nikaanza upya, kila video mara mbili. Za mwanzo zilifanana neno kwa neno. Mpaka ya nane, hakuna tatizo.

Mama 09...

Hii nilikuwa naikumbuka sana. Maandishi niliyosoma wakati ule yalisema, "Huyo wifi yako si mtu mzuri. Mtoe nyumbani kwako kabla hajakuvunjia ndoa."

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, tulikuwa tunaishi naye. Anafanya kazi kwenye kibanda cha kuchapa barua na vyeti. Tulipendana! Ndiye aliyekuwa ananisuka, ndiye aliyekuwa anakaa pembeni yangu kwenye sherehe ananiandikia umbea wote.

Lakini mama akisema, nani wa kubisha? Wiki ileile nikamtolea mabegi yake nje. Alilia, akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu: "Nimefanya nini?"

Nikamgeuzia mgongo.

Sasa nikabonyeza asili.

"Mwanangu, nimemwona mumeo huku sokoni. Yuko na mwanamke, na mtoto amembeba begani. Mtoto ana uso wake. Lori lake hulala mtaa wa nyuma kila wiki mbili. Njoo tuongee."

Jamani!

Nikafungua inayofuata.

Mama 10: "Ulipata nilichokwambia?"

Mama 12: "Mbona unanichekea? Au hutaki kuamini?"

Mama 17: "Kifua kinanibana. Njoo hata siku moja."

Na mimi kila mara nilikuwa nimejibu kwa tabasamu, nimepaka na poda, "Afadhali mama, nimefurahi!"

Nilipiga kelele. Sikujisikia, ila niliona wapangaji wenzangu wanakimbilia dirishani.

Video ya 23 ilikuwa ya mwezi mmoja uliopita. Baada ya hapo mume wangu aliniandikia kwamba simu ya jirani imeharibika.

Mwezi mzima! Mama yangu yuko hai? Amezikwa?

Nikaangalia tena lile neno, asili. Nani aliandika? Mume wangu kuchapa mstari mmoja anatoka jasho...

Wifi!

Nilitoka na ndala za bafuni. Kibanda cha kuchapa ni mwendo wa dakika kumi. Nilimkuta anachapa cheti cha mtu. Aliponiona akasimama, uso kaukunja.

Nikamwambia, "Ni wewe uliyekuwa unaandika maneno ya mama?"

Akavuta karatasi, akaandika kwa hasira: "Ndiyo. Yote. Kaka alikuwa ananiletea, nampa faili. Hata uliponifukuza niliendelea, kwa ajili ya mama, siyo kwa ajili yako."

"Ya mume wangu kuwa na mwanamke, uliiandika?"

"Niliiandika. Kaka akasema amekuonyesha na umemsamehe. Akasema umenifukuza kwa sababu mimi najua siri yenu."

"Sijawahi kuona neno hata moja!"

Kalamu ikasimama.

"Alikuwa anafuta ulichoandika wewe, anaweka yake, ila nakala yako ilibaki kwenye laptop," nikamwambia. "Mama akisema njoo, nasoma usije. Mama akimtaja mwanamke wake, nasoma nikufukuze wewe!"

Wifi akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Machozi yakaanza kudondokea kwenye cheti cha watu.

Halafu akaandika polepole: "Kwa hiyo wiki tatu zilizopita nilipokuja kugonga, ukanifungia mlango usoni... hukujua nilichokuja kukwambia?"



"Ulikuja kuniambia nini?"

Akaitupa kalamu. Alinishika mkono, akafunga kibanda, mteja amebaki ameduwaa nje. Tukakata uchochoro, tukapanda ngazi za nyumba moja ya ghorofa. Akasukuma mlango wa chumba anachoishi.

Kitandani, mito miwili mgongoni, alikuwa amekaa mama yangu.

Mama yangu!

Alikuwa amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa. Ananitazama, hajui acheke au ageuke ukutani.

Wifi alikuwa ameisikia ile video ya 23 akashindwa kuvumilia. Akaomba ruhusa kazini, akapanda basi, akamleta mama huku kwetu kutibiwa. Alipokuja kuniita nikamfungia mlango. Mama akamwambia, "Mwache. Kama hataki kuja, asije kwa kulazimishwa."

Wiki tatu, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu... mama analia kwa sababu yangu, na mimi niko sebuleni nacheka na vichekesho vyenye maandishi!

Nilipiga magoti. Nikamweleza yote. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauondoa mtandio mdomoni, akasema taratibu, sauti sijui ilikuwaje, lakini midomo niliisoma bila msaada wa mtu:

"Njoo."

Nikalala kwenye mapaja yake kama mtoto.

Jumamosi dereva wangu akarudi, na zawadi mkononi. Nilikuwa nimewasha TV, Mama 09, asili, nimeisimamisha pale penye neno "mtoto ana uso wake".

Aliposoma, mfuko ukamdondoka.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

Akatoa simu, akaandika. "Nilikuwa nakulinda. Ulikuwa umetoka kuumwa."

"Unanilinda na mama yangu?"

"Niliogopa ungeniacha."

"Mama alikuwa anakufa! Ungeniandikia nini siku ya msiba? Kwamba amesafiri?"

Akaandika, akafuta. Akaandika, akafuta. Alivyozoea. Mwishowe akaweka simu mfukoni akainama.

Nilimwambia achukue nguo zake, mwenzake huko mtaa wa nyuma anazisubiri. Wazee wa pande zote mbili wamekaa mara mbili, wanasema nimpe nafasi, eti hakunipiga, hakuninyima chakula. Kaniziba masikio mara ya pili, hilo hawalihesabu!

Mama anatibiwa, ameanza kutembea mpaka koridoni. Tunaishi naye, mimi na wifi yangu, ambaye mpaka leo hajataka niombe msamaha tena. Akiniona nafungua mdomo, ananibandika kofi la mgongo.

Sasa wewe unayesoma hapa, nisikilize.

Inawezekana husikii kama mimi. Inawezekana huoni, au hujui kusoma, au uko ugenini na lugha yao huijui. Yuko mtu anakusomea, anakuandikia, anakutafsiria. Mpende. Mshukuru. Lakini usimwachie peke yake! Tafuta mtu wa pili akuangalizie, hata kama wa kwanza ni mume, hata kama ni mtoto wako wa kumzaa.

Na kama kuna mtu ulimfukuza kwa sababu ya maneno uliyoletewa na mwingine, mpigie leo umuulize yeye mwenyewe. Mimi nilichelewa sana, na ninachoshukuru ni kwamba niliyemfukuza hakuwa na roho kama yangu.