Mipangilio ya Zornitsa

Jumamosi ile duka la vifaa vya muziki mjini Ruse lilijaa pomoni, kila mpiga muziki akihangaikia msimu wa kiangazi. Zornitsa, fundi sauti wa jumba la maigizo, alinyoosha mkono kuchukua waya wa midi, ule wa kuunganishia vinanda na mitambo ya sauti, uliobaki peke yake ukutani. Akakuta ncha ya pili imeshikwa na kijana mrefu, shati la kitani la buluu, nywele zisizojua kitana.

"Dada, achia. Kinanda changu kinaungoja."

"Na mikisa yangu ya kuchanganyia sauti je? Wewe unakwenda kupigia harusi tu."

"Harusini tunakula baklava na vitamu vyote. Nyie wa maigizo mnakula makofi."

Zornitsa alicheka bila kutaka. Jamani, mwanamume akikuchekesha huku umemnunia, ujue habari yako imekwisha. Wakakubaliana wautumie kwa zamu, na zamu hizo zikawa kisingizio cha kuonana kila siku. Kijana aliitwa Velin.

Wiki tatu mapenzi yaliwachukua mzimamzima. Mchana Zornitsa alikuwa kazini, amevaa suruali ya jinzi iliyochakaa na skafu nyekundu kichwani, anapanga mchezo mpya wa nyimbo: waigizaji ishirini na wanne, kila mmoja na maiki yake, maonyesho arobaini na sita. Kila onyesho alilihifadhi ndani ya mikisa, nani asikike, nani anyamazishwe. Akibonyeza mara moja, vitelezi vya sauti vinakimbilia mahali pake vyenyewe. Bi Evdokia, mkuu wa jumba, alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: akiharibu usiku wa kwanza, kiti chake anapewa fundi wa kutoka Sofia.

Velin alikuwa akija na pakiti ya mbegu za alizeti, akikaa kando yake na kumchokoza.

"Mashine hiyo unaipapasa kuliko mimi."

"Hainijibu ovyo, ndiyo maana."

"Siku moja nitaifuta yote, labda utaniangalia."

Siku ya mwisho ya mazoezi hawakutaniana. Velin alikuwa amepata kazi ya kupiga kinanda kiangazi kizima hotelini Varna, pwani, na mwenye hoteli alitaka afike kesho yake, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Zornitsa alilia pale pale kwenye mikisa, huku akibonyeza vitufe bila kuvitazama.

Kesho yake, siku ya mchezo wenyewe, aliingia saa nane mchana, akawasha mikisa. Kioo cha mikisa kilikuwa kitupu. Onyesho la kwanza hamna, la pili hamna, mpaka la arobaini na sita hamna.

"Yule wako alikuwa hapa asubuhi," alisema Mzee Nayden, mlinzi wa jumba. "Na kinanda, na waya. Kakaa nusu saa, kaondoka anakimbilia basi."

Zornitsa akampigia simu.

"Velin, umefanya nini?"

"Kipenzi, niko kwenye basi, sikusikii viz..."

"Usiniite kipenzi. Umeifuta. Wiki tatu zangu umezifuta kwa sababu ya wivu wako wa kitoto."

"Hivyo ndivyo unavyonidhania?"

Zornitsa akakata. Baada ya dakika moja simu ikalia.

"Sikiliza kwanza, halafu ukate ukitaka. Jana mikisa ilionya kwamba betri ya kumbukumbu inakwisha, umeme ukizimwa kila kitu kinafutika. Wewe ulikuwa unalia, ukabonyeza onyo likaondoka. Mimi nililisoma. Asubuhi nikachukua nakala ya kila kitu kwa waya, iko kwenye disketi ya kinanda changu. Nilitaka kukuambia nikifika."

Zornitsa akamgeukia mlinzi.

"Mzee Nayden, leo umezima umeme?"

"Saa sita, kama siku zote. Miaka thelathini nazima saa sita nikale."

Basi betri ilikuwa imekata roho, na kumbukumbu yote nayo. Aibu ikampanda Zornitsa mpaka masikioni.

"Kinanda kiko wapi, Velin?"

"Kwenye buti ya basi. Lilichelewa kuondoka, ndiyo kwanza tunaingia mji wa Razgrad. Mnaanza saa ngapi?"

"Saa moja."

"Nashuka."

"Na hoteli?"

"Zornitsa, nimesema nashuka."

Aliingia saa kumi na mbili kamili, shati limemganda mgongoni, kinanda begani. Hawakusalimiana. Wakachomeka waya, Velin akatuma. Mikisa ikakaa kimya. Akatuma tena. Kimya. Mara ya tatu Bi Evdokia alikuwa amesimama nyuma yao, na watazamaji wamejaa mlangoni.

"Nakala ni nzima," Velin akanong'ona. "Kwa nini haipokei?"

Zornitsa akafumba macho, akafikiri. Halafu akajipiga paja.

"Imesahau hata namba yake. Nilikuwa nimeipa namba nne, nakala imetumwa kwa namba nne. Ilipozimika ikarudi kuwa namba moja. Inadhani mzigo ni wa jirani."

Akaibadilisha.

"Tuma. Na mtu asiguse kitu."

Namba zikaanza kupita kwenye kioo: tatu, kumi na tisa, arobaini, arobaini na sita. Akabonyeza onyesho la kwanza, vitelezi vyote vikakimbia kwa pamoja, vrrr, kila kimoja mahali pake. Bi Evdokia akaguna, akaenda zake kufungua milango. Zornitsa alicheka na kulia kwa pamoja, akamshika Velin kola.

"Nimekukosea. Nilikudhania vibaya na wewe umeitupa Varna kwa ajili yangu. Huna kazi, huna bahari, una mimi tu. Nioe basi, Velin. Nakupenda mpaka najichosha."

Mipangilio ilikuwa imerudi yote kama ilivyokuwa mazoezini, pamoja na maiki ndogo ya fundi ya kuongea na waigizaji, ambayo Zornitsa alikuwa ameihifadhi ikiwa wazi. Nyuma ya pazia watu ishirini na wanne walikuwa wamesikia kila neno. Sauti nzito ya mwimbaji mkongwe ikatoka kwenye spika:

"Kijana, mjibu mwenzio. Sisi huku tumevaa manyoya na joto hili."

Velin akainamia maiki.

"Nimekubali," akasema. "Anzeni."