Sweta la Zambarau

Jua la Februari liliwaka Usagara, mjini Tanga, hata lami ikawa inanata kwenye kandambili, na Hafsa alikuwa amevaa sweta. Sweta la zambarau, la kufuma, limefungwa vifungo mpaka kooni juu ya dera la maua. Watu walipishana mbele ya kibanda cha fundi simu wakijipepea kwa vipande vya maboksi; yeye amejikunyata.

Fundi, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa pasi mikono ikakata mstari, alimtazama bisibisi ikiwa mdomoni.

"Dada, umeshuka na gari la Lushoto asubuhi hii?"

"Natokea Makorora."

"Makorora kumeanza kuanguka barafu na sisi hatujaambiwa?"

Hafsa hakutaka kucheka, akacheka. Sauti yake ilitoka nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Idarusi, ndilo jina la fundi, aliipenda sauti hiyo kabla hajapenda kitu kingine chochote. Kengele ya simu yake ilikuwa haimwamshi, na Hafsa, aliyekuwa fundi cherehani, alichelewa kazini kila siku kwa usingizi. Idarusi akamuuliza jina, akaitengeneza. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia kwa sauti ya mwanamume: "Hafsa, amka. Jua limetoka, vua sweta."

Mapenzi yakaanzia hapo, kwenye simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Mbona unaongea kama umejifunika shuka tatu?"

"Mbili."

Miezi minane haikuisha, posa ikapokelewa. Lakini Hafsa alizidi kuchoka. Asubuhi uso ulivimba, nywele zilibaki kwenye kitana, ngozi ya miguu ikakauka ikapauka. Chakula alikula kidogo, na bado magauni aliyojishonea mwenyewe ilibidi ayafumue ubavuni ayatanue. Zahanati walimwambia damu imepungua, wakampa vidonge vyekundu.

"Nimepiga mara nne," alisema Idarusi jioni moja. "Ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Tangu adhuhuri?"

"Nimechoka, Idarusi. Sijui kwa nini."

"Sawa," alisema, na sawa hiyo haikuwa na laazizi nyuma yake.

Zilipobaki siku saba kabla ya harusi, Hafsa akawekwa ndani, na somo wake, Bi Mboni, akawa anakuja kila alasiri na bakuli la singo ya kumsugulia ngozi. Somo ndiye humsugua bibi harusi na kumfunda, na alichokishika au kukisikia chumbani hukizika humo humo. Ndiyo maana msichana huvua mbele yake asivyovua hata mbele ya mama yake mzazi.

Siku ya tatu, mikono ya Bi Mboni ikiwa imejaa singo mpaka viwikoni, simu yake ikalia mkekani.

"Nibonyezee, mwanangu, uweke sauti kubwa. Ona mikono yangu."

Hafsa akabonyeza.

"Shikamoo, Bi Mboni," ikasema sauti ile ile iliyomwamsha kila siku. "Umeshamshika tumbo? Ni mimba, siyo?"

 Chumbani ikabaki harufu ya mawaridi na karafuu.

"Bi Mboni? Nilikuomba jambo moja tu. Unene ule, usingizi ule, na mimi sijamgusa. Nisije nikalea mtoto wa mtu."

"Nilikwambia sitakuletea neno, Idarusi," alisema Bi Mboni taratibu. "Sasa umelileta mwenyewe. Anakusikia."

Simu ikakatika. Hafsa alijivutia kanga mpaka kidevuni.

"Ulijua?"

"Alinijia juzi, nikamfukuza. Nikadhani ni wasiwasi wa bwana harusi tu, nikanyamaza. Hapo nimekukosea." Bi Mboni alifuta mikono, akagusa shingo ya Hafsa kwa vidole viwili. "Mimba sikuitafuta. Ila nimesugua maharusi miaka thelathini, na sijapata kushika ngozi ya baridi hivi kwenye joto la Tanga. Na hapa pamevimba. Meza mate. Umeona? Panapanda. Kesho hatukai ndani, tunakwenda hospitali."

Bibi harusi kutoka nje kabla ya siku yake: Makorora nzima ilifungua madirisha. Damu ikatolewa, majibu yakangojwa, kisha Daktari Dorkasi akawaita.

"Kinga ya mwili wako imeigeukia tezi ya shingoni. Tezi ikilegea, mwili wote unapunguza mwendo. Ndiyo hiyo baridi, usingizi, unene, hata sauti."

"Nani kaigeuza?"

"Hakuna. Si uchawi, wala si kosa lako. Kupona kabisa sikuahidi, lakini inatulia. Kidonge kimoja kila asubuhi kwa maji matupu, kisha saa nzima ndipo chai. Vile vyekundu vya damu uviache mbali nacho kwa masaa manne. Wiki ya sita tunapima tena. Usiache hata ukijisikia mzima. Na kuzaa utazaa, ila utuambie mapema."

Hafsa alikaa na neno lile, *imeigeukia*, mpaka wakafika nyumbani.

Idarusi alikuja na kanzu yake, akasimama barazani.

"Nisamehe, laazizi. Sikujua ni ugonjwa."

"Na isingekuwa ugonjwa?"

Idarusi alinyoosha mkono wa kanzu kwa kiganja.

"Ungeniuliza mimi, Idarusi."

"Niliogopa jibu lako."

"Hukuogopa kwenda kwa somo wangu."

Wiki ya saba ya dawa, harusi ikiwa imeahirishwa, jua la Desemba, Hafsa alisimama tena kwenye kibanda cha Usagara na sweta lake. Akaweka simu mezani.

"Toa sauti yako. Saa kumi na mbili nameza dawa, siwezi kuimeza na wewe."

Idarusi aliishika simu muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. "Niweke nini?"

"Kengele tu."

"Na posa?"

"Bi Mboni atairudisha kwenu Ijumaa."

Aliondoka. Hata kona ya kwanza hajafika, akasikia kitu kikimtiririka mgongoni. Akadhani mdudu. Ilikuwa jasho. Alisimama katikati ya watu, akafungua vifungo kimoja kimoja, akalivua sweta, akalitundika mkononi. Joto la Tanga lilimkumbatia mabega yote mawili.

Akatoa simu amwambie mtu. Aliyestahili kucheka kwa habari hiyo alikuwa hatua ishirini nyuma yake, na bisibisi mdomoni. Hafsa akairudisha simu mkobani, akashika njia ya Makorora.