Gurudumu la Nyuma la Kushoto

Kila alipotoka shule, Spidi alivua viatu mlangoni, akaosha vyombo chapuchapu, halafu akajitupa kwenye kochi kucheza mchezo wake wa magari kwenye televisheni. Hapo humwambii kitu! Gari likibingiria na kugonga ukuta, alibonyeza kitufe tu, likarudi barabarani likiwa jipya. Magurudumu yote manne yalibadilishwa kufumba na kufumbua.

"Gari lako hilo lina roho ya paka," mjomba wake alimtania.

Mjomba alikuwa dereva wa mbio za magari za kweli, zile za barabara za vumbi, na fundi wake alikuwa dada yake, yaani mama yake Spidi. Timu yao ndogo ilikuwa na sharti moja: aliyekaza nati za magurudumu hazikagui yeye mwenyewe. Mtu wa pili huzunguka na spana, akajaribu nati moja moja, kisha akapiga paa la gari makofi mawili. Bila makofi hayo, Mjomba haondoi gari hata aitwe na nani. Jumamosi moja ya mbio, kazi ya kukagua alipewa Spidi.

Gari liliingia kwenye hema lao limejaa vumbi. Mbio zilikwenda kwa awamu, imebaki ya mwisho, na Mjomba alikuwa anaongoza. Mama alilipandisha kwa jeki, akabadilisha magurudumu, akakaza nati huku jasho likimtiririka. Spidi akafuata na spana. La mbele kulia, sawa. La mbele kushoto, sawa. La nyuma kulia, sawa. Lo! Timu ya hema la jirani ilikuwa imeshamaliza. Spidi aliona aibu. Kwenye televisheni angekuwa ameondoka zamani. Akapiga paa, pa! pa! Gari likatoka mbio kwenda kwenye mstari wa kuanzia awamu ya mwisho.

"Ala! Leo umekuwa mwepesi," Mama alisema.

Spidi aliirudisha spana kwenye sanduku. Alijipa moyo kwamba Mama hakosei, fundi gani anaacha nati? Halafu akaukumbuka mteremko uliokuwa mbele, na kona iliyo juu ya korongo, na watu waliojaa pale kutazama. Akisema, Mjomba atapoteza ushindi, na yeye hataletwa tena kwenye mbio. Na akinyamaza je? Jamani, aliogopa mpaka vidole vikawa baridi.

"Mama."

"Nini, mwanangu?"

"La nyuma la kushoto sikulikagua."

Mama hakumgombeza, na hilo lilimtisha zaidi. Alirukia redio ya mkononi. "Usianze! Unanisikia? Usianze!"

Redio ilikoroma tu. Mama akaita tena na tena. Spidi alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi pamoja.

Hatimaye sauti ikaja. "Niko kwenye mstari, wananihesabia. Kuna nini?"

"Toka kwenye mstari. Angalia gurudumu la nyuma la kushoto."

"Dada, nikitoka hapa nafasi ya kwanza imekwenda!"

"Toka, nimesema!"

Mama aliishika redio kwa mikono miwili. Mjomba aliporudi hewani, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nati mbili nimezizungusha kwa vidole."

Mama aliketi juu ya tairi kuukuu. "Niliacha ili nitazame mafuta yaliyokuwa yanavuja, nikasahau kurudi," alisema. "Mimi ndiye niliyeziacha."

Mjomba alizikaza nati, akaendelea na mbio, na jioni alirudi akiwa wa nne. Spidi alikuwa amejibanza nyuma ya hema.

"Njoo hapa, mpwa wangu."

"Umenikasirikia, Mjomba?"

"Sana. Umenipigia makofi ya uongo, nami nikayaamini." Alichuchumaa wakatazamana. "Kule nyumbani gari likianguka unapewa jingine. Huku mama yako amekosea, wewe ukakosea, na kilichobaki kuniokoa ni mdomo wako tu. Basi sikiliza. Kazi ya watu ifanye yote. Na ukiruka kitu, sema. Hata kama unaogopa, hata kama tunashinda, sema upesi."

"Nitasema, Mjomba."

Mjomba akamshika mabegani kumtuliza, kisha akampa spana, wakaenda pamoja kukagua gurudumu la nyuma la kushoto.